Gari la zamani linagoma kuwaka siku nyingine tu: pima kabla ya kununua kifaa kingine

SWALI: Nina gari la petroli la gia za mkono, umri wake umepita miaka ishirini. Asubuhi huwaka bila shida. Nikiliendesha likapata moto, nikalizima kwa robo saa hivi, mara nyingine nikigeuza ufunguo nasikia mlio mmoja tu, "tak", halafu kimya. Taa za dashibodi zinabaki zinawaka. Nikisubiri au nikijaribu tena na tena, linawaka kama kawaida. Nimebadilisha betri, nimebadilisha stata, tatizo liko palepale. Likikaa siku tatu nne bila kutembea, betri inakuwa dhaifu. Kuna jingine, sijui kama linahusiana: usiku nikiwasha taa kubwa mshale wa joto unapanda, nikizima unashuka. Fundi mmoja alivua kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma, haikuzimika, akasema altaneta ni nzima. Mwingine anataka tubadilishe swichi ya ufunguo. Nimsikilize nani?

JIBU: Kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao, na usinunue kifaa kingine mpaka upime.

Ule mshale wa joto ulioutaja mwishoni, ukidhani pengine hauhusiani, ndio ulionifanya nilisome swali lako mara ya pili. Maji ya injini hayawezi kuchemka na kupoa kwa kubonyeza swichi ya taa. Kinachobadilika pale ni njia ya umeme kurudi, yaani ethi, na kwa jinsi ulivyoeleza naishuku ethi ya injini kuliko kitu kingine chochote. Nitakueleza sababu, kisha nitakuonyesha namna ya kuhakikisha kwa mita ya umeme, maana kushuku peke yake ndiko kulikokufikisha kwenye betri mpya na stata mpya zisizotibu kitu.

Kwenye gari, umeme hupelekwa kwa waya lakini hurudi kwa chuma. Katika magari mengi upande hasi wa betri umefungwa kwenye bodi. Injini imekalia mipira, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo lazima pawe na kebo au utepe wa shaba uliosukwa unaounganisha injini na bodi, au kebo nene inayotoka betri moja kwa moja hadi kwenye injini. Stata imefungwa kwenye injini. Altaneta vilevile. Sensa ya joto la maji vilevile. Vyote vitatu vinategemea kiungo hicho kimoja kurudisha umeme. Taa kubwa zenyewe ethi yake iko kwenye bodi. Injini inapounguruma, umeme wa taa hutoka kwenye altaneta, hupita kwenye taa, huingia kwenye bodi, na lazima urudi kwenye altaneta kupitia utepe uleule. Utepe ukiwa umeoza au bolti yake imeshika kutu, umeme hupita kwa taabu, na bodi nzima hupanda volti kidogo juu ya injini. Geji ya joto iko upande wa bodi, sensa yake iko upande wa injini, basi geji huisoma tofauti hiyo kama joto. Zima taa, tofauti inapungua, mshale unarudi mahali pake.

Sasa fikiria stata kwenye njia hiyohiyo. Taa kubwa na vifaa vichache vya usiku huvuta kiasi cha ampea 15 au 20. Stata ya injini ndogo ya petroli huvuta ampea 100 hadi 200 inapozunguka, na zaidi ya hapo katika ile nukta ya kwanza inapoanza kusukuma. Kiungo chenye upinzani wa omu 0.02, kitu kidogo kabisa, kwenye ampea 20 kitapoteza volti 0.4, na utakiona kwa mshale wa joto peke yake. Kwenye ampea 150 kiungo hichohicho kinataka kula volti 3. Betri inayotoa volti 10 na kitu wakati wa kupiga stata ikinyang'anywa volti 3 njiani, stata inabaki na 7 na pengine hata haitikisiki. Solenoidi, yaani swichi ya sumaku ya stata, inavutika, unasikia "tak", mota haina nguvu ya kuizungusha injini, na taa za dashibodi zinaendelea kuwaka kwa sababu betri yenyewe haijaelemewa: umeme mwingi umezuiliwa njiani.

Kwa nini liwe tatizo la wakati wa joto? Upinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili ya solenoidi iliyopanda nyuzi 60 juu ya hali yake ya asubuhi ina upinzani mkubwa zaidi kwa karibu robo, kwa hiyo inavuta kwa nguvu ndogo zaidi kwa volti zilezile. Na ile robo saa baada ya kuzima ndiyo mbaya kuliko zote, maana maji hayazunguki, hewa haipiti, na joto la bloku, yaani chuma kikuu cha injini, linapanda kwenye kila kilichoizunguka. Bolti na vichwa vya kebo navyo vinatanuka na kusinyaa. Kiungo kilichokuwa kinavumilika asubuhi kinavuka mpaka mchana. Ukisubiri kidogo kinarudi upande wa pili wa mpaka, na gari linawaka.

Ndiyo maana magari ya namna hii hubadilishiwa vifaa vizima. Likifika kwa fundi limepoa, kila kitu kinafanya kazi, na anayetakiwa kutoa jibu anataja kifaa kinachoharibika mara nyingi katika uzoefu wake. Hata mwenye mita hudanganyika akipima kwa njia mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni kupima omu. Nyaya za mita yenyewe zina upinzani wa omu 0.1 hadi 0.5, basi mita ya kawaida haiwezi kukuonyesha omu 0.02, kebo mbovu kabisa itasomeka nzima. Ya pili ni kupima volti wakati hakuna kinachovuta umeme. Mita ya kidijitali haivuti karibu chochote, kwa hiyo kebo iliyokatika karibu nyuzi zote ikabaki na uzi mmoja wa shaba bado itaonyesha volti 12 kamili. "Umeme unafika" si jibu mpaka ujue unafika ukiwa na mzigo.

Kinachotegua kitendawili hiki ni kupima volti zinazopotea kwenye kila kiungo wakati mkondo unapita. Chombo ni mita yoyote ya bei nafuu na mtu wa kugeuza ufunguo. Weka gia nyutro, vuta breki ya mkono, na uondoe fyuzi ya pampu ya mafuta au uchomoe plagi ya umeme ya koili ya cheche ili injini izunguke bila kuwaka. Usipige stata zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo mmoja, na uiache ipoe kidogo kabla ya kurudia. Angalia nyaya za mita zisikaribie feni wala mikanda. Kabla ya yote hakikisha ni upande upi wa betri uliofungwa kwenye bodi, kwa sababu baadhi ya magari ya zamani sana, ya Uingereza hasa, yalifungwa ethi kwa upande chanya, na hapo maelezo yangu yote unayageuza.

Anza na betri. Gusa risasi yenyewe iliyochomoza kwenye betri, usiguse kichwa cha kebo kilichoikaba. Ikiwa imetulia saa kadhaa, volti 12.6 au zaidi ina maana imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni karibu kuisha. Ikiwa chini ya 12.4 ichaji kwanza, la sivyo vipimo vyote vinavyofuata vitakupotosha. Mwambie msaidizi apige stata na uangalie: kwenye hali ya joto la kawaida volti zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka huku injini inazunguka polepole, betri au mzigo wa stata una tatizo. Zikibaki juu, tuseme 11.8, na stata haizunguki, betri haina kosa, umeme hautoki kwenda kokote.

Kisha pima ethi. Waya mweusi wa mita kwenye risasi hasi ya betri, mwekundu kwenye chuma kitupu cha bloku ya injini, mahali pasipo na rangi wala grisi. Piga stata. Unachokisoma ni volti zilizopotea njiani kwenye kurudi, na hazitakiwi kuzidi 0.2, au 0.3 ukiwa mwenye huruma. Ukiona 1, au 2, au 3, umeipata. Usiishie hapo, igawe njia. Ukiacha mweusi palepale, hamisha mwekundu kwenye kichwa cha kebo kilichokaba betri, kisha kwenye bodi pale kebo hasi inapofungwa, kisha kwenye kichwa cha utepe upande wa bodi, kisha upande wa injini. Kila hatua piga stata mara moja fupi. Pale namba inaporuka ghafla, kosa liko kati ya hatua hiyo na iliyotangulia. Ni kazi ya dakika chache, na jibu lake halina ubishi.

Upande chanya unafuata utaratibu huohuo: mwekundu kwenye risasi chanya, mweusi kwenye bolti kubwa ya stata inayopokea kebo ya betri. Wakati wa kupiga, isizidi volti 0.5 kwa njia nzima. Halafu kuna kipimo kimoja ambacho watu wengi hukiruka: kwenye solenoidi kuna bolti kubwa mbili, moja inapokea kutoka betri, nyingine inapeleka kwenye mota. Weka mita kati ya hizo mbili. Kabla ya kugeuza ufunguo itasoma kama volti 12. Solenoidi ikivuta, bolti hizo zinaunganishwa ndani kwa kipande cha shaba, na usomaji unatakiwa uanguke karibu na sifuri. Ukisikia "tak" na mita bado inasema 12, vipande vya shaba vya ndani vimeungua na havishikani. Kwenye stata nyingi za zamani vipande hivyo hubadilishwa peke yake bila kununua stata nzima. Stata yako ni mpya, lakini "mpya" mara nyingi ni iliyofufuliwa, basi nayo usiipe heshima ambayo haijaipata kwenye mita.

Yote haya yatakuwa na maana kubwa zaidi ukipima wakati gari limegoma. Hili nalisisitiza kuliko lolote. Gari likigoma, silika ya mtu ni kugeuza ufunguo tena na tena mpaka liwake, na kila jaribio linaweza kufuta ushahidi, kwa sababu mtikiso mmoja unatosha kuamsha kiungo kilicholala. Jiandae mapema. Kama huwezi kuinama kwenye injini kila mara, funga waya mrefu mwembamba kwenye bloku na mwingine kwenye risasi hasi, uipitishe yote miwili mpaka ndani ya gari mbali na sehemu zinazozunguka au zenye moto, na uweke fyuzi ndogo kwenye kila mmoja. Mita ikae kando ya kiti. Endesha mpaka injini ipate moto, zima, subiri robo saa yako, jaribu. Likigoma, soma mita kabla ya kufanya lolote lingine.

Au beba kebo ya kushtulia betri. Siku litakapotoa "tak" na kunyamaza, hakikisha liko nyutro, ufunguo umeurudisha nyuma, kisha unganisha ncha moja ya kebo kwenye hasi ya betri yako na nyingine kwenye chuma kinene cha injini. Umeipa injini ethi ya pili. Geuza ufunguo. Likizunguka papo hapo kwa nguvu, na siku nyingine, bila kebo na kwa hali ileile, likagoma tena, huna haja ya mita. Kwa gari lako mimi ningeanza na jaribio hili.

Wapo watakaokwambia ugonge stata kwa nyundo. Mguso mwepesi wa mpini ukiiamsha, hiyo ni habari: kaboni za mota ya stata zimeisha au shaba za solenoidi zimechoka. Lakini usiigonge kwa nguvu na usiifanye desturi. Stata nyingi za miaka ya karibuni zina sumaku za kudumu zilizobandikwa kwa gundi ndani ya ganda lake, na sumaku hizo hupasuka.

Nije kwenye swichi ya ufunguo. Hoja ya fundi wako haina ujinga ndani yake. Waya mwembamba unaoiamuru solenoidi, ule ambao kwenye michoro mingi ya Ulaya hupewa namba 50, hupita kwenye swichi, na katika magari ya gia za mkono mara nyingi hupita pia kwenye swichi ndogo ya klachi. Shaba za swichi ya miaka ishirini huungua, na solenoidi inapoanza kuvuta huhitaji ampea nyingi kwa waya mwembamba kama ule. Ila dalili yake ya kawaida ni kimya kitupu, au "tak" dhaifu isiyo na mshindo, na haina sababu ya kupandisha mshale wa joto. Pima: mweusi kwenye ganda la stata, mwekundu kwenye kituo cha waya huo mwembamba, ufunguo ukiwa umegeuzwa. Kama iko ndani ya volti moja ya ile ya betri kwa wakati huo, swichi iachwe. Kama unapata 7 au 8 wakati betri ina 11, rudi nyuma kituo kwa kituo: rilei (swichi inayoamriwa kwa umeme), swichi ya klachi, swichi ya ufunguo, plagi zilizo katikati. Hata ikiwa swichi ndiyo mkosaji, tiba ninayoipenda kwa gari la umri huu ni kuongeza rilei karibu na betri, ili swichi ibaki na kazi nyepesi ya kuiamuru rilei, na solenoidi ipate umeme wake kwa njia fupi yenye fyuzi.

Kuhusu yule aliyevua kichwa cha betri injini ikiunguruma, naomba usimruhusu mtu yeyote arudie. Betri ndiyo inayotuliza volti kwenye mfumo mzima. Ukiiondoa ghafla wakati altaneta inasukuma mkondo, volti zinaweza kuruka mpaka makumi mengi, hata kupita 100, kwa muda mfupi sana lakini unaotosha kuua kompyuta ya injini, redio, au daiodi za altaneta hiyohiyo iliyokuwa inapimwa. Na hata isipoua kitu, jaribio hilo halisemi lolote: altaneta inaweza kuendesha injini na bado isiwe na uwezo wa kuchaji betri.

Pima hivi badala yake. Injini ikizunguka kwa mwendo wa kati, mizunguko kama 1,500 hadi 2,000 kwa dakika, betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, feni ya ndani na kipashajoto cha kioo cha nyuma kama kipo. Isishuke chini ya 13.5. Ikishuka, usilaumu altaneta kabla ya kupima volti kati ya ganda lake na risasi hasi, na kati ya bolti yake kubwa na risasi chanya. Kwenye ganda, kwa mzigo, isizidi 0.2. Nategemea kwako itazidi, na hapo utaelewa kwa nini betri yako mpya haijai: altaneta inatoa volti sahihi ikijipimia yenyewe, lakini sehemu inapotelea kwenye utepe uleule wa ethi na betri inapokea pungufu. Kisha geuza mita kwenye volti za mkondo geu na upime kwenye betri injini ikiunguruma. Zaidi ya 0.5 ni dalili ya daiodi iliyokufa. Angalia pia taa nyekundu ya chaji: ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha lazima iwake. Katika altaneta nyingi za zamani umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha altaneta, kwa hiyo balbu ikiungua altaneta nzima kabisa inaweza kuchelewa kuchaji au isichaji.

Ukishapata kiungo kibaya, kitengeneze kwa ukamilifu. Ondoa kebo hasi ya betri kwanza, chanya baadaye. Kurudisha ni kinyume chake, hasi mwisho. Fungua utepe pande zote mbili. Usisugue uso wa juu tu unaoonekana. Umeme hupita pale kichwa cha utepe kinapolalia chuma, na hapo ndipo penye rangi, mafuta na kutu. Sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, upande wa bodi, upande wa injini na vichwa vyenyewe. Weka washa yenye meno, kaza vizuri, halafu ndipo upake grisi au vaselini juu kuzuia unyevu. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye terminali za betri uoshe kwa maji moto yenye bikaboneti ya soda, ukikinga vifuniko vya betri visiingize maji hayo ndani.

Ikague kebo yenyewe kwa vidole. Sehemu iliyovimba karibu na kichwa, au iliyokakamaa wakati sehemu nyingine inapinda, ina kutu ya kijani chini ya mpira, na hakuna kuisafisha, ibadilishe. Baada ya kupiga stata kwa sekunde chache pitisha mkono kwa uangalifu kwenye viungo vyote: kilicho na moto kuliko wenzake ndicho kinachokula umeme wako. Kebo mpya isiwe nyembamba kuliko ya kiwandani. Na kama kebo au nyaya za klachi na mafuta za gari lako ni za chuma, zichunguze. Injini inapokosa ethi nzuri, umeme wa stata hutafuta njia kupitia hizo, na huziunguza mpaka zinakuwa ngumu. Binafsi, kwa gari lililovuka miaka ishirini huongeza utepe wa pili kutoka injini hadi bodi hata kama wa kwanza umepona. Haujawahi kuwa na hasara.

Linabaki lile la betri kudhoofika ikikaa siku tatu nne. Huenda likaondoka lenyewe betri itakapoanza kujazwa vizuri, basi usilikimbilie kabla ya ethi. Likibaki, chaji betri mpaka ijae kabisa, kisha tafuta kinachonyonya gari likiwa limezimwa. Toa kebo hasi, weka mita katikati ya kebo na risasi kwenye tundu la ampea 10, funga milango (au bana swichi zake), na subiri hata nusu saa, kwa sababu alarmu na kompyuta huchelewa kulala. Mita ikiwa pale usifungue ufunguo wala kupiga stata. Fyuzi yake itaungua. Miliampea 50 au chini ni kawaida na hunyonya ampea-saa 1.2 tu kwa siku. Lakini balbu ya wati 5 iliyosahaulika kwenye buti inavuta zaidi ya miliampea 400, yaani ampea-saa kumi kwa siku, na betri ndogo ya ampea-saa 45 haitaziona siku tano. Muda unaoutaja unalingana na kitu cha ukubwa huo.

Ukiona mkondo mkubwa, usianze kuchomoa fyuzi moja moja, maana kuichomoa na kuirudisha kunaweza kuviamsha vilivyolala na kukuharibia kipimo. Weka mita kwenye milivolti na uguse vile vitone viwili vya chuma vilivyo juu ya kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha kitu inasoma sifuri. Inayosoma chochote ndiyo ya kuifuata. Fyuzi zote zikiwa sifuri na mkondo bado upo, mkosaji ameunganishwa bila kupita kwenye sanduku la fyuzi: altaneta yenye daiodi inayovuja, au redio na alarmu zilizofungwa baadaye na mtu aliyechukua umeme popote alipoupata. Altaneta uihakikishe kwa kuvua waya wake mkubwa, betri ikiwa imefunguliwa, kuukinga usiguse chuma, na kupima upya. Redio na alarmu fuata waya wake mpaka mwisho, na unapokuta kiungo kilichosokotwa na kuzungushiwa utepe tu, kikate na ukifunge upya kwa kichwa kilichobanwa au kulehemiwa kwa risasi, kwa sababu viungo hivyo huvuta unyevu na huleta hitilafu nyingine ya kuja na kuondoka.

Jambo dogo la mwisho, uweze kulitofautisha likija: siku stata ikizunguka kwa nguvu lakini injini haishiki, hilo ni tatizo lingine kabisa na ethi ya stata haihusiki. Sikiliza pampu ya mafuta unapofungua ufunguo, angalia kama plagi zinatoa cheche, na kwa gari lenye joto mshukiwa wa kwanza ni sensa ya mzunguko wa injini au rilei ya pampu ambayo risasi zake za ndani zimepasuka. Usiruhusu mtu achanganye matibabu ya hili na la "tak" moja.

Ukimaliza niletee namba tatu, zote zikiwa zimesomwa wakati ufunguo umegeuzwa na gari limegoma: volti kwenye risasi mbili za betri, volti kati ya bloku na risasi hasi, na volti kwenye waya mwembamba wa solenoidi.